Sifa za Waifai Iliyogoma

Waifai inayogoma haina mtetezi. Ikishika, hakuna anayeitaja. Ikikataa dakika tano tu, inatukanwa na baba, mama na mgeni aliyekuja kula. Rauta inapigwa kofi, laptopu inafungwa kwa kishindo, na fundi anapigiwa simu kama mkunga. Makala haya yanasimama upande wa mshtakiwa, kwa sababu mema yake ni mengi na ukoo wake ni wa kutajika.

Ukoo kwanza. Mwezi Juni 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenzake walizindua ALOHAnet, mtandao uliounganisha visiwa kwa redio. Vituo vya watumiaji vilituma kwa masafa yaleyale, kwa hiyo jumbe ziligongana hewani. Dawa waliyoibuni ilikuwa ya kiungwana: ujumbe usipojibiwa, kituo kingoje kwa muda wa kubahatisha, kisha kitume tena. Waifai ya leo imerithi tabia hiyo na kuiongezea adabu. Kabla ya kusema husikiliza kwanza kama kuna mwingine anayesema, na akiwapo hunyamaza mpaka amalize. Laptopu inayoonekana kuzubaa huenda inawapisha wenzake. Katika mikutano ya ukoo wa binadamu, ni wangapi wenye subira hiyo?

Upande wa pili wa nasaba uko Australia. Mhandisi John O'Sullivan aliwahi kutafuta mawimbi ya redio kutoka kwenye mashimo meusi madogo yaliyodhaniwa kulipuka huko angani. Hakuyapata. Lakini hesabu za msako huo zilikuja kumfaa yeye na wenzake wa shirika la utafiti la CSIRO walipopambana na tatizo jingine kabisa: mawimbi yanayodunda kwenye kuta na samani za chumba na kuufikia mtambo yakiwa yamevurugana. Mwaka 1996 walipata hataza ya utatuzi wao huko Marekani, na baadaye shirika lao likalipwa mamia ya mamilioni ya dola na kampuni za kompyuta na simu. Kifaa chenye babu aliyekosa alichokitafuta kinastahili kusamehewa kikikosa mtandao Jumatatu asubuhi.

Na makazi yake je? Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu masafa kadhaa yatumike bila leseni, yakiwamo ya gigahezi 2.4, ambayo tayari yalikuwa makao ya majiko ya maikrowevu. Huko ndiko uswahilini kwa redio: hakuna hati wala kodi, na kila mtu amejenga ukuta kwa ukuta. Bluetooth iko hapo, vipanya visivyo na waya viko hapo, na rauta za ghorofa nzima ziko hapo. Chaneli ni 13 katika nchi nyingi, lakini zimepishana kwa megahezi 5 tu, ilhali kila mazungumzo yanataka kama megahezi 20. Ndiyo maana mafundi huzing'ang'ania chaneli 1, 6 na 11, zisizogusana. Video ikikwama kila wali unapopashwa moto, familia imepata somo la fizikia bila ada: jiko linavujisha mawimbi kidogo, na laptopu iliyo karibu inashindwa kusikia.

Tiba inayojulikana ni kuhamia gigahezi 5, kwenye nafasi pana na majirani wachache. Shida ni kwamba mawimbi hayo hupenya ukuta kwa tabu. Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene zinawakatia mtandao wageni waliojifungia vyumbani. Mgeni hana budi kushuka ukumbini, karibu na rauta, na huko atakuta watu wa kuzungumza nao. Wenye hoteli wangepaswa kutoza ada kwa huduma hiyo.

Lakini fadhila kuu ya waifai iliyogoma ni ukweli wake. Laptopu ya Windows inapoandika kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti, wengi huona kichekesho, kumbe ni taarifa nyofu kuliko nyingi zinazotolewa na binadamu. Safari ni mbili: kutoka laptopu hadi rauta, na kutoka rauta hadi ulimwenguni. Ili kuipima ya pili, Windows hujaribu kuvuta faili dogo kutoka Microsoft lenye maneno matatu tu, "Microsoft Connect Test". Lisipofika, inakiri. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya Bahari ya Hindi kusini mwa Afrika, mtandao wa Kenya, Tanzania na Uganda ulidorora. Siku kama hiyo, kuizima rauta ya sebuleni na kuiwasha ni mazoezi ya viungo tu. Ishara za waifai zinaweza kujaa zote kwa sababu waifai yenyewe haina kosa.

Kuna pia moyo wa kujitegemea ambao waasisi wa Azimio la Arusha wangeusifu. Rauta isipoipatia laptopu anwani, laptopu haikai ikililia msaada. Inajipa anwani yake yenyewe, inayoanza na 169.254. Anwani hiyo haiifikishi popote nje ya nyumba, ni kweli, lakini heshima imelindwa. Fundi akiiona namba hiyo huiacha nywila, maana tatizo liko kwenye kugawa anwani. Huizima rauta, hungoja kidogo, huiwasha, kisha huiambia laptopu iusahau mtandao huo na kuunganishwa upya.

Waifai hufundisha hata kalenda. Betri ndogo ya ndani ya laptopu kuukuu ikifa, saa inaweza kurudi nyuma miaka mingi, na tovuti zikakataa kufunguka: vyeti vyao vya usalama vinaonekana havijaanza kazi. Mtumiaji atalaani mtandao mchana kutwa, na tarehe isiyo sahihi iko pale pembeni mwa kioo, inamtazama.

Wanaosakinisha Linux wamepewa mtihani mkubwa zaidi. Kadi nyingine za waifai hazifanyi kazi bila draiva, na draiva iko kwenye intaneti, isiyopatikana bila draiva. Wanafalsafa wangekesha hapo. Kijana wa mtaani huchomeka simu yake kwa waya wa USB, anaigawia laptopu bando, anapakua draiva, na kuondoka na nauli.

Msomaji ambaye mtandao wake umekataa sasa hivi ana neno moja la kuombwa. Kabla hajamtafuta fundi, atazame kama ile alama ndogo ya ndege imewaka. Katika laptopu nyingi kibonye chake kimepangwa miongoni mwa vile vya sauti na mwanga, kwenye safu ya juu ya kibodi, na kidole cha mtoto hukifikia upesi kuliko cha mwenye laptopu.