Jinsi ya Kuifufua Modemu Ambayo Haijafa

Kwanza weka bisibisi chini. Modemu yako haijafa, ila uliuziwa nusu. Modemu kamili hugeuza data kuwa milio ya simu kwa chipu yake yenyewe. Hiyo yako, ambayo mafundi huiita winmodemu, imebakiziwa kazi ya kupitisha sauti tu. Hesabu zote nzito zimebebeshwa prosesa, kupitia programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows. Ukiileta kwenye Linux inakaa kimya kama bwana harusi aliyekimbiwa na mshenga.

Usihangaike na jina lililoandikwa kwenye boksi. Kinachotakiwa ni chipu. Fungua terminali, andika lspci, usome. Kwenye laptopu nyingi za zamani modemu hujibanza pamoja na mfumo wa sauti, kwa hiyo utaona AC'97, kiwango cha mfumo huo, na basi. Hapo endesha scanModem, skripti ya watu waliojitolea, nayo itakutajia draiva ya kutafuta. Watu hao wanastahili shukrani kuliko kiwanda kilichotengeneza kadi.

Ikiwa chipu ni ya Lucent, tafuta draiva ya ltmodem au martian. Ikiwa ni Conexant, draiva ilitolewa na kampuni ya Linuxant, lakini ya bure ilikwenda kwa kbps 14.4, ukitaka 56, ulilipia. Umeshanunua kadi, halafu unanunua ruhusa ya kuitumia! Mimi hilo silikubali hata kidogo.

Ikiwa ni Smart Link, kaa vizuri, maana kazi ipo hapa. Programu yake ni slmodemd. Kama modemu iko upande wa AC'97, mara nyingi hakuna haja ya kujenga moduli yoyote: iwashe kwa slmodemd --alsa, uitajie na nchi yako, kwa sababu mlio wa laini haufanani kila mahali. Ikikubali, itazaa /dev/ttySL0. Wengi hukwama hapa, wanaendelea kugonga mlango wa /dev/ttyS0, ambao ni wa COM1 na hauna mwenyeji. Fungua /etc/wvdial.conf, faili la mipangilio la wvdial, programu ya kupigia simu, andika Modem = /dev/ttySL0, kisha Carrier Check = no. Usiuache mstari huo wa pili: bila huo wvdial inaweza kukata simu yenyewe, ikidhani upande wa pili hakuna mtu.

Ukijibiwa NO DIALTONE, inua mkono wa simu ya mezani usikilize. Kimya? Shida ni waya, iache Linux ipumzike. Mlio upo? Ongeza X3 kwenye mstari wa Init, modemu ipige bila kuusubiri. Na waombe walio nyumbani wasiguse simu ya chumba cha pili.

Umeunganishwa lakini kurasa hazifunguki? Jaribu ping kwa namba ya IP. Ikijibu, kasoro iko kwenye /etc/resolv.conf: weka humo anwani ya seva ya majina ya kampuni inayokupa intaneti.

Kama draiva yako inategemea moduli, jua kwamba ukibadilisha kerneli lazima uijenge upya moduli hiyo. Basi draiva ichome kwenye CD kabla hujagusa kerneli, pamoja na vifurushi vya kuijengea, maana modemu ikishanyamaza huna pa kuvipakulia.