Mwalimu wa Nidhamu Tunamjua, wa Taaluma Je?

Mh! Mtoto yuko kidato cha tatu, na baba yake hajui kama mwalimu wa taaluma wa shule yake ni mwanamume au mwanamke. Nililisema hili jana kijiweni, watu wakanikodolea macho, na leo nalirudia. Muulize mzazi yeyote wa mtaa huu namba ya mwalimu wa nidhamu. Anayo kwenye simu. Alipewa siku kijana alipokamatwa na simu darasani, au siku alipokutwa kibanda cha video saa nne asubuhi, shati la shule limefichwa kwenye begi. Haya, sasa muulize nani anamfundisha mwanawe Hisabati. Kimya. Kiingereza je? Kimya.

Hapa kwetu Mbagala, ukikaa kwenye benchi la muuza kahawa baada ya magharibi, utasikia habari za shule mpaka uchoke. Dereva wa bodaboda ana kijana kidato cha pili. Fundi cherehani ana wawili, mmoja anarudia darasa. Mama wa vitumbua binti yake anamaliza Novemba hii. Wote wanasoma shule za kata, na wazazi wao wanahangaika kwelikweli: wanadamka usiku, wanakopa, wanalipia tuisheni za mtaani kwa hela ya mboga. Kwa hiyo anayekuja na ule wimbo wa "wazazi wa uswahilini hawajali elimu" akae mbali na benchi hili. Wanajali. Tatizo ni kwamba shule na nyumbani vinakutana kwa mambo mawili tu, hela na makosa. Barua ikija, ama kuna mchango, ama kuna msala. Kusoma kwenyewe, ile kazi iliyompeleka mtoto pale, hakuna anayemwita mwenzake waizungumze.

Mwangalie huyu wa bodaboda. Mwezi uliopita aliitwa shuleni, kijana ni mtoro. Akapaki pikipiki, akakaa chini ya mwarobaini tangu saa mbili mpaka saa nne na nusu, abiria wake wa asubuhi wote wamekwenda kwa wengine. Alipoingia ofisini alisomewa makosa mbele ya mwanawe, akasaini karatasi kwamba halitarudiwa, akaambiwa aende. Nyumbani akampiga kijana. Basi, kesi ikafungwa. Juzi ndiyo fundi cherehani akamuuliza swali dogo tu: "Kaka, hizo siku alizotoroka ni siku gani?" Jamaa akaitoa ile karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, tarehe zimeandikwa. Tukazihesabu kwenye kalenda ya simu. Jumanne, Alhamisi, Jumanne, Jumanne, Alhamisi. Tukamwita kijana aje na ratiba yake ya vipindi. Jumanne na Alhamisi ndizo siku za Hisabati, vipindi viwili mfululizo.

Jamani! Mtoto hakuwa anaikimbia shule. Alikuwa anakimbia somo lililomshinda tangu kidato cha kwanza, akiogopa kuitwa ubaoni mbele ya wenzake. Na ushahidi wote ulikuwepo: kitabu cha mahudhurio kiko kwa mwalimu wa darasa, ratiba iko ukutani, baba yuko pale kwenye kiti. Kilichokosekana ni mtu wa kuviweka pamoja kwa dakika tano. Badala yake mtu mzima amepoteza asubuhi yake, mtoto amekula fimbo, na Hisabati iko palepale.

Sitaki kumbebesha mwalimu mzigo wote. Pale kijiweni yupo mwalimu mstaafu, tunamwita Mwalimu na shikamoo yake anapewa kabla ya kahawa. Yeye alitupigia hesabu. Chukua mwalimu mmoja mwenye mikondo minne, kila mkondo watoto 60. Akitoa zoezi moja tu, hayo ni madaftari 240. Kila daftari alipe dakika tatu, ni dakika 720, saa 12 za kusahihisha bila kuinua kichwa. Zoezi moja! Ndiyo maana unafungua daftari la Fizikia la mtoto, unakuta kurasa na kurasa za notisi zilizonakiliwa kwa mwandiko mzuri, na wino mwekundu umeonekana mara ya mwisho muhula uliopita. Mzazi asiyefungua daftari hajui. Anayefungua anaona mwandiko mzuri, anaridhika, analifunga.

Halafu kuna hili la lugha. Mtoto amesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Mzazi aliyeishia la saba anaangalia kitabu cha Biolojia, anajiona ametolewa nje ya mlango. "Mimi nitamsaidia nini, mwalimu?" Mama wa vitumbua aliuliza hivyo, na Mwalimu akamjibu kitu ambacho natamani kila mzazi akisikie: mwambie akueleze kwa Kiswahili alichofundishwa leo. Asikusomee, akueleze. Damu inazungukaje mwilini, mvua inatokeaje. Akieleza ukaelewa wewe usiyejua, basi kimemwingia. Akianza kutafuna maneno, akirukia Kiingereza asichoweza kukifafanua, basi amekariri, na kesho arudi na swali kwa mwalimu wake. Kazi hiyo haihitaji cheti. Inafanyika huku unakanda unga.

Sasa tuje kwenye ripoti, maana hapa ndipo nilipoumia zaidi. Mama wa vitumbua alituletea ripoti ya binti yake, ya mtihani wa muhula. Upande mmoja alama, upande wa pili tabia na mwenendo, usafi A, heshima A, na chini kabisa, kwa maandishi manene, tarehe ya kufungua shule na orodha ya vitu vya kuja navyo. Maoni ya mwalimu wa darasa maneno mawili: "Aongeze bidii." Mama alichokitazama ni nafasi, wa 61 kati ya 140, akaona mwanawe ni wa kati, hali si mbaya. Masomo mengi yameandikwa D, na D si F, kwa hiyo amefaulu.

Mwalimu akachukua kipande cha boksi la sigara, akaomba kalamu. Alama 75 na kuendelea ni A, 65 mpaka 74 ni B, 45 mpaka 64 ni C, 30 mpaka 44 ni D, chini ya hapo F. A ina pointi 1, F ina pointi 5, na zinajumlishwa za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Binti ana Kiswahili 68, Uraia 47, Biolojia 43, Jiografia 41, Historia 38, Kiingereza 33, Kemia 22, Hisabati 12. Akajumlisha: 2, 3, kisha 4 mara nne, kisha 5. Pointi 26. Divisheni ya nne, ambayo huanzia hapohapo 26. Na kidato cha tano kinataka angalau C tatu, masomo ya dini hayahesabiwi. Binti ana B moja na C moja. Hana.

Kisha akafanya kitu kilichotuduwaza. Akaizungushia duara Biolojia na Jiografia. Biolojia imebakiza alama 2 iwe C. Jiografia alama 4. Alama 6 kwa jumla! Akizipata hizo, pointi zinashuka kuwa 24, divisheni ya tatu, na mkononi ana B moja na C tatu. Angalau anaweza kufikiriwa kidato cha tano. Mama wa vitumbua akabaki ameshika kile kipande cha boksi. Miaka minne amekuwa akiletewa karatasi hizi, hakuna hata siku moja mtu aliyemketisha akamwambia: mama, mwanao amebakiza alama mbili hapa na nne pale, tumsukume kwenye haya kwanza.

Ndiyo maana nasonya! Alama 6 si za kuuza shamba. Ni mtu mmoja wa shule na mtu mmoja wa nyumbani kuiangalia karatasi moja kwa wakati mmoja.

Haya hayakuanza leo. Wazee wa benchi wanaikumbuka Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakiwa wamepata sifuri. Nchi nzima ilipigwa na butwaa. Tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya, na kila mtu akamnyooshea mwenzake kidole: walimu wachache, maabara hamna, wazazi wameachia watoto. Mengi yalikuwa kweli. Shule za kata zilikuwa zimejengwa kwa kasi chini ya mpango wa sekondari ulioanza 2004, wananchi wenyewe wakibeba tofali na kuchanga. Hilo lilikuwa jambo kubwa, mtoto wa maskini akapata dawati. Ila tulipomaliza kujenga kuta tuliondoka eneo la kazi, tukaona yaliyobaki ni ya walimu.

Halafu ikaja elimu bila ada. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, ukaanza kazi Januari 2016, ukafuta ada ya sekondari ya kidato cha kwanza mpaka cha nne, 20,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Sina neno baya juu ya hilo. Najua watoto ambao wasingekuwa darasani leo. Lakini "bure" ilipofika mtaani, wengi walisikia kazi imehamia serikalini, wakati waraka uliofuata uliacha sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa mikononi mwa mzazi. Januari 2018 Rais Magufuli akakemea michango, mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa hela. Agizo la haki. Mwalimu mstaafu anasema baada ya hapo mkuu wa shule aliyetaka kuitisha wazazi wajadili hata uji wa saa nne alijiona anajiweka matatani. Mikutano ikapungua. Kumbe mikutano ilikuwa imezoeleka kuwa ya hela tu, hela ilipotoka, mkutano nao ukakosa ajenda.

Na uji wenyewe una maana. Mtoto wa huku anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kupigania daladala, konda anamtazama na ile nauli yake ya mwanafunzi, anafunga mlango. Anafika amechoka, anakaa mpaka saa nane na nusu mchana tumbo tupu. Kipindi cha saba unamfundisha nani? Shule ambazo wazazi wamekaa na bodi wakakubaliana debe la mahindi na maharage, makande yanapikwa na watoto wanabaki macho. Bodi, eeh. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 imeweka bodi ya shule kwa kila sekondari. Niliuliza benchi zima nani anamjua mjumbe mmoja tu wa bodi ya shule ya mwanawe. Hakuna aliyejibu, na mimi mwenyewe ilibidi nikaulize serikali ya mtaa.

Mkutano wa wazazi wa mwisho uliitishwa Jumatano saa nne asubuhi. Mama ntilie yuko jikoni, bodaboda yuko barabarani, mbeba mizigo yuko sokoni Tandika. Waliofika walikaa kwenye viti vya wanafunzi, wakasikiliza ufaulu wa shule kwa asilimia, nywele ndefu, simu, na deni la mlinzi. Saa tatu nzima, na hakuna mzazi aliyeondoka akijua alama za mwanawe. Halafu jioni inasemwa wazazi wa hapa hawahudhurii vikao. Aah, wapi!

Basi tumekubaliana kuiandikia shule, fundi cherehani ndiye mwenye mwandiko. Tunaomba Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, wazazi wa kidato cha pili peke yao, kabla ya mtihani wa upimaji, maana ukimngoja mtoto mpaka kidato cha nne umeshachelewa. Wa kidato cha nne wapewe Jumamosi yao haraka zaidi. Hotuba zisiwepo. Mwalimu wa darasa akae mezani na kitabu cha alama na cha mahudhurio, mzazi aje na mtoto na madaftari mawili, somo analoliweza na lililomshinda. Dakika tano kila mmoja. Waondoke na jambo moja la kufanya shuleni na moja la kufanya nyumbani, liandikwe nyuma ya daftari, kama ni kumwondolea binti kazi ya vyombo usiku, liandikwe hivyohivyo.

Tulipogawanyika ni kwenye Jumamosi ya mwalimu. Wa bodaboda anasema mwalimu naye ana watoto na nauli, tusimwite bure. Fundi anaogopa tukichanga tu, tumerudi kulekule kwenye hela. Mimi niko na wa bodaboda. Tuchange kwa hiari, jambo lipite kwenye bodi na kibali kipatikane, liandikwe kila shilingi imekwenda wapi, na asiyekuwa nayo aje hivyohivyo na daftari lake. Mama wa vitumbua hakungoja tumalize kubishana. Ameshasema barua ataipeleka yeye Jumatatu, na akifika atamwulizia mwalimu wa Biolojia.