Matabibu wa Jukwaani

Utabibu wa kisiasa hauhitaji shahada wala maabara. Kipaza sauti chatosha. Mwaka 2006, katika mkutano wa kimataifa wa UKIMWI huko Toronto, banda la Afrika Kusini lilipambwa kwa vitunguu saumu, malimau na bitiruti, mithili ya genge la mboga. Waziri wa Afya, Manto Tshabalala-Msimang, alikuwa mpigadebe mkuu wa vyakula hivyo kama tiba. Mwaka uliofuata Rais Yahya Jammeh wa Gambia alijitangaza mponyaji wa UKIMWI kwa mitishamba, na wagonjwa wake wakaachishwa dawa za ARV. Watafiti wa Harvard walikadiria kuwa ukaidi wa serikali ya Afrika Kusini kuhusu dawa hizo uligharimu maisha zaidi ya 330,000. Mheshimiwa akianza kugawa tiba, aulizwe cheti kwanza.