Haipindi

Boti yangu inaitwa Haipindi. Jina sikuipa mimi. Niliinunua nalo, limeandikwa kwa rangi nyekundu pande zote mbili za omo, na aliyeniuzia aliniapia kwamba ni jina la sifa: haipindi ahadi, haipindi maneno. Siku ya tatu, nje kidogo ya bandari ya Malindi hapa Unguja, nimezungusha usukani kulia mpaka mikono imepishana kama ya mtu anayekanda unga, na boti inakwenda vilevile, kifua mbele, kuelekea ubavu wa jahazi la watu. Ndipo nilipoifahamu tafsiri ya pili.

Aliyetuokoa ni nahodha. Alikimbilia tezi, akaikumbatia mashine kwa mikono miwili, akaisukuma kama anavyosukumwa punda mkaidi. Jahazi likapita hatua mbili kutoka kwetu. Mabaharia wake walitutamkia maneno ambayo hayaandikiki, nami kwa kuchanganyikiwa nikawaitikia "Waalaykum salaam."

Nahodha huyu ni mzee wa Tumbatu. Namwita ami kwa heshima ya umri tu, udugu hatuna. Bahari aliisoma akiwa ameshika kana ya jahazi, na kwake yeye ubovu wa usukani wangu ulikuwa wazi. "Kana ukiivuta, chombo kinakwenda. Huu wako, mwanangu, ukiuzungusha unapeleka barua."

Barua kweli. Usukani wa haidroliki hauna kamba wala waya. Nyuma ya gurudumu kuna pampu. Ukizungusha, inasukuma mafuta kwenye mipira miwili mpaka silinda iliyoko nyuma, na silinda ndiyo inayogeuza mashine. Mafuta hayabonyei, hewa hubonyea. Ikishaingia hewa, wewe unazungusha huku na silinda kule inapata nusu ya habari. Usukani mzima huchukua mizunguko minne au mitano hivi kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Wangu niliuhesabu mpaka kumi na moja, nikachoka kabla haujafika.

Nikafanya kosa la mtu mwenye haraka: nikaita fundi wa magari. Ni hodari, sikatai, ila kwake yeye kila chenye mafuta na mpira ni breki. Akamimina mafuta ya breki. Usukani ukawa laini ajabu, nikampa na bakshishi. Wiki ya pili sili za silinda, ambazo zimetengenezwa kwa mafuta ya madini, zikavimba, zikaanza kutokwa machozi, na nyuma ya boti maji yakawa na rangi zote za upinde wa mvua. Nikanunua sili mpya. Nikasafisha mipira. Nikaagiza mafuta yenyewe, mepesi, yaliyoandikwa ISO 15, na kopo lake likawa ghali kuliko samaki wote tuliovua mwezi ule.

Ikabaki kazi ya kutoa upepo. Babu zetu walikuwa wakikaa miezi pwani hii wakiungojea upepo. Kusi ikichelewa, biashara imelala. Mimi mjukuu wao nimepiga magoti kwenye jua la saa saba, nautoa upepo tone kwa tone.

Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anakaa mbele, kopo la mafuta limegeuzwa kichwa chini juu ya pampu, anazungusha. Wa pili yuko nyuma na spana, na kimpira chembamba kilichotumbukizwa kwenye chupa ya maji ya kunywa: anafungua nati ya silinda, mapovu yanatoka, anafunga kabla hewa haijarudi. Sasa nani aliyeamua kwamba katika Kiswahili amri hizi mbili zipishane kwa herufi moja? "Fungua!" nikapaza sauti. Upepo ukaichukua ile u. Ami akafunga. Nikazungusha, usukani ukawa mgumu kama mlango wa Mji Mkongwe.

"Ami, nimesema fungua!"

"Nimefunga!"

"Fungua!"

"Mwanangu, imefungika mpaka mwisho, unataka niivunje?"

Nilipokuja kusema funga, akafungua, maana safari hii aliamua kunisahihisha mapema. Mafuta yakamrukia msulini. Tukakaa kitako tukafanya mkataba: kufungua ni "ndizi", kufunga ni "pweza". Kazi ikanyooka. Kwa saa nzima pwani ya Funguni ikasikia watu wazima wawili wakipokezana, ndizi, pweza, ndizi, pweza, mpaka kijana mmoja akaja na kapu kichwani, maji kiunoni, akasema ndizi anazo na pweza labda kesho. Tukanunua kichane kwa aibu.

Usukani ukapona: mizunguko minne na nusu, barua inafika siku ileile. Hapo ningemshukuru Mungu nikanyamaza, lakini boti ilikuja na otopailoti.

Si kitu kipya. Mmarekani Elmer Sperry alikuwa akiuza usukani wa kujiendesha kwa meli tangu miaka ya 1920, na mabaharia wakaubatiza jina la Metal Mike. Wetu ami aliuita Mgeni. Mgeni ana dira ya umeme inayomwambia omo inaelekea wapi, kompyuta ndogo ya kufikiri, na pampu yake mwenyewe inayosukuma mafuta yaleyale. Kwa hiyo mapovu yaliyonitesa mimi yalikuwa yakimtesa na yeye, na kwa hilo nilimwonea huruma.

Huruma iliisha nilipombonyeza mara ya kwanza. Boti ikapinda kulia kidogo, ikaona imekosea, ikapinda kulia zaidi ili ijirekebishe. Chai ya ami ikaishia baharini na kikombe chake. Nilikuwa nimeunganisha mipira ya pampu kinyume: Mgeni akitaka kushoto anapata kulia, na kila akisahihisha kosa analizidisha. Dawa yake ni kupishanisha nyaya mbili za mota, kazi ya dakika tano iliyotanguliwa na siku mbili za kulaumu watu. Halafu kioo kikawa kinazimika kila pampu inapoanza kazi. Chumvi ilikuwa imeota ukijani kwenye kikalio cha fyuzi, umeme unafika umechoka. Msasa ukatosha.

Mgeni siku mbili. Ya tatu tukampa jembe: atupeleke Changuu, kama kilomita 6. Alikwenda mwendo wa nyoka aliyelewa. Kobe wa kisiwani kule, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, nina hakika yuko mmoja ambaye angetutangulia. Kitabu cha Mgeni kikasema dira ifundishwe upya: zungusha boti polepole kwenye maji matulivu, kila duara dakika mbili hivi. Maji matulivu niliyapata mbele ya Forodhani, jioni, saa ambayo mji mzima umekuja kupunga upepo. Duara la kwanza hakuna aliyejali. La pili, vijana wanaoruka majini wakaacha kuruka. La tatu, mmoja akauliza kwa sauti, "Mzee, umeangusha nini?" Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameshapata habari tatu: natafuta pete, nimeanza kulewa, na boti ina jini.

Kesho yake dira ikaruka tena. Niliishi na ugonjwa huo wiki mbili, mpaka Ijumaa moja Haipindi ikanyooka kama rula kwenda na kurudi. Nikauliza leo kuna nini. "Leo hakuna kitu," ami akasema kwa huzuni. "Spika nimeiacha nyumbani inachajiwa." Spika yake ya taarabu, yenye ukubwa wa mtungi mdogo, ilikuwa ikikaa chini ya kiti cha kushoto, shibiri moja kutoka kwenye dira. Ndani ya spika kuna sumaku. Kaskazini ya boti yetu ilikuwa hiyo, na kila ami aliposogeza spika ili asikie vizuri, kaskazini ikasogea pamoja naye.

Maduara yakarudiwa, maana tulikuwa tumeifundisha dira uongo mbele ya mashahidi. Safari hii tulizungukia nyuma ya Changuu. Kobe hawana simu. Nikatoa amri: kitu cha muziki kisikaribie dira, kikae mita moja na zaidi. Ami akakubali bila neno, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili.

Wiki iliyopita boti ikaanza kuvuta kushoto. Nikaangalia mafuta, nikaangalia fyuzi, mwisho nikainua mto wa kiti cha kushoto. Chini yake kulikuwa na seredani ya chuma, nzito, imefungwa vizuri kwenye gunia, ya kuchomea samaki tukifika Bawe.

"Ami!"

"Ulikataza muziki," akasema. "Hii haiimbi."