Shangazi na Wagonjwa wa Disintegration

Kwa kawaida safu ya Shangazi hupokea kesi za mawifi, mikopo isiyolipwa na wachumba wanaopekua simu za wenzao. Juma hili mambo yamekwenda kombo. Wasomaji saba wasiojuana wameandika kuhusu albamu moja: Disintegration ya The Cure, bendi ya roki kutoka mji wa Crawley, kusini mwa Uingereza. Albamu hiyo ilitoka tarehe 2 Mei 1989. Imewazidi umri baadhi ya wanaoilalamikia, na bado inagombanisha watu.

Shangazi hakutaka kujibu kwa kubahatisha. Alifunga mlango, akazima simu, akaisikiliza yote: nyimbo 12, dakika kama 72, bila kuruka hata moja. Alipotoka chumbani alikuwa ameshajua ugonjwa wao. Kila mwandishi alisikia kipande, kisha akaihukumu albamu nzima. Majibu yake ni haya.

Mpangaji wa Chumba cha Kati

Kijana huyu anasimulia kwamba alisoma mahali kuwa huu ni muziki wa roki wa gothiki, wenye giza na ukungu, akaamua kuujaribu usiku. Alipouwasha alisikia vikengele vidogo tu, kwa mbali, kana kwamba vinapigwa na upepo. Akaongeza sauti. Havikutosha, akaongeza tena. Kilichofuata kilimtoa mwenye nyumba kitandani, na sasa mpangaji amepewa mwezi mmoja ahame.

Shangazi anampa pole, lakini anamweleza kwamba alitegwa makusudi. Plainsong, wimbo wa kwanza, unaanza na vile vikengele kwa muda usiozidi nusu dakika. Halafu bendi yote inaingia kwa mpigo mmoja: ngoma za Boris Williams, besi ya Simon Gallup, vinanda vya Roger O'Donnell, magitaa ya Robert Smith na Porl Thompson. Smith na mtayarishaji mwenzake, David M. Allen, waliupanga mshtuko huo. Tena kwenye maelezo ya jalada bendi ilimwambia msikilizaji waziwazi kwamba muziki huu umechanganywa ili upigwe kwa sauti kubwa. Kwa hiyo mpangaji alitii maagizo. Tatizo ni kwamba walioandika maagizo hawamsaidii kulipa kodi.

Ushauri: sauti ipimwe bendi ikishaingia, si wakati wa vikengele. Hadi hapo atakapopata nyumba yake mwenyewe, anunue hedifoni nzuri. Na kabla ya kuhama, akamwombe mwenye nyumba radhi mchana, si usiku, na asiende na spika.

Nimeuziwa Karaoke

Msomaji wa pili anadai faili alilopakua ni bovu. Anasikia vyombo tu, mwimbaji haonekani. Amejaribu wimbo wa kwanza, wa pili na wa saba, akaacha zote, akaenda kumdai rafiki aliyempa.

Amrudie rafiki yake na kumwomba msamaha. Katika Plainsong sauti ya Smith inasubiri zaidi ya dakika mbili. Katika Pictures of You inasubiri karibu dakika mbili. Fascination Street, ule wa saba, unatembea na besi ya Gallup zaidi ya dakika mbili kabla ya neno la kwanza. Msikilizaji aliyekulia kwenye rumba ya Kongo amezoea maneno kutangulia na sebene kuja mwishoni kama malipo ya subira. Hapa mpango umegeuzwa: vyombo vinapewa nafasi yao kwanza, na maneno yanawasili wakati chumba kimeshajaa.

Ufundi wote umo katika kujaza chumba huko. Katika albamu hii Smith alitumia sana Fender Bass VI, chombo chenye nyuzi sita kilicho katikati ya gitaa na besi. Sauti yake ni nzito kuliko gitaa la kawaida, lakini kinaweza kubeba kiitikio. Juu yake panawekwa magitaa yaliyopitishwa kwenye vifaa vya mwangwi na vya kutikisa sauti, mpaka mtu ashindwe kusema gitaa limeishia wapi na kinanda kimeanzia wapi. Kila baada ya mizunguko michache kitu kipya huongezwa, na mara chache sana kitu huondolewa. Shangazi anampa msomaji kazi ya nyumbani: achukue Pictures of You, afumbe macho, ataje kila sauti inapoingia. Akimaliza kuzitaja, mwimbaji atakuwa ameshafika.

Bwana Harusi Mtarajiwa

Huyu kesi yake ni nzito. Alimtumia mchumba wake Lovesong, kama dakika tatu na nusu za ahadi za mapenzi. Binti akafurahi, akatafuta albamu yenyewe, akaisikiliza mpaka mwisho. Sasa anauliza kwa nini mtu anayemposa anamletea nyimbo za kuachana. Mashangazi wa upande wa pili wameshaitisha kikao.

Kikao kiahirishwe, Shangazi anasema, kwa sababu pande zote mbili zina haki. Lovesong ni zawadi ya harusi halisi. Smith alimuoa Mary Poole, aliyekuwa naye tangu siku za shule, mwezi Agosti 1988, na wimbo huo aliuandika kwa ajili yake. Ndio uliokwenda mbali kuliko nyimbo zao zote huko Marekani: Oktoba 1989 ulifika nafasi ya pili kwenye chati ya Billboard Hot 100, ukazuiwa kileleni na Janet Jackson. Mwaka 2011 Adele aliuimba upya kwenye albamu yake iitwayo 21, na wapo wanaodhani ni wake.

Lakini binti naye hakukosea. Zawadi hiyo imezungukwa na nyimbo za picha za mpenzi aliyeondoka, za watu wanaokutana tena wakakuta moto umezimika, za mvua isiyokatika. Mume mpya alirekodi albamu ya namna hiyo ndani ya mwaka wa kwanza wa ndoa, na mkewe hakumkimbia. Bwana harusi asiukane ukweli huo mbele ya wakwe. Aende na albamu nzima na aeleze kwamba aliyeandika nyimbo za kuachana hakuachana na mtu. Kwenye ukumbi wa harusi, hata hivyo, MC apewe wimbo mmoja tu, na kompyuta isiachwe ijiendee yenyewe kwenye unaofuata.

Nimeibiwa Nyimbo Mbili, Leicester

Msomaji anayeishi Uingereza alinunua santuri ya Disintegration ya mwaka 1989 katika duka la vitu vilivyotumika. Alipofika nyumbani alihesabu nyimbo kumi. Kwenye simu yake zipo 12. Anataka kujua amshtaki muuzaji wapi.

Asimshtaki. Santuri ya mwaka 1989 ilitoka bila Last Dance na Homesick. Zote 12 zilikuwa kwenye CD, na sababu ni ya kimaumbile. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 hupendeza ukibeba dakika ishirini na kidogo. Ukizidisha, mifereji ya sauti inabanana, sauti inabidi ipunguzwe, na besi ndiyo inayoumia kwanza. Hata zikiwa kumi tu, nyimbo hizi zinakaribia dakika 30 kila upande. Kubana zote 12 kwenye sahani moja kungeliua lile tandiko zito la sauti ambalo ndilo albamu yenyewe. Toleo lililosafishwa upya mwaka 2010 lilimaliza mgogoro kwa kutumia santuri mbili.

Ushauri kwake ni wa kibiashara: santuri ya 1989 aiweke vizuri, maana wako watu wanaoitafuta. Zile nyimbo mbili azisikilize kwenye simu.

Mama wa Kijana wa Nguo Nyeusi

Mama anaandika kwa hofu. Mwanawe amejipaka wanja, anavaa nyeusi tupu, na usiku anasikiliza mtu anayenong'ona habari za buibui anayekuja kumla kitandani. Baba anataka kuita watu wa maombi.

Wimbo huo ni Lullaby. Ulifika nafasi ya tano Uingereza, na video yake, iliyoongozwa na Tim Pope, ilipata tuzo ya Brit ya video bora mwaka 1990. Ndani yake Smith amelazwa kitandani huku utando ukimfunika, naye hafichi kwamba anaigiza. Ni jinamizi la kitoto lililopangwa vizuri, na mnong'ono wake ni ufundi kama ulivyo ufundi wa msimulizi wa hadithi za zimwi.

Hata ukoo wa muziki huu ni wa maigizo. Bauhaus, bendi ya Northampton, walirekodi Bela Lugosi's Dead Januari 1979, majuma machache tu baada ya kuunda bendi. Wimbo una zaidi ya dakika tisa, na umepewa jina la mwigizaji wa Hungaria aliyecheza Dracula kwenye filamu ya 1931. Ile milio ya mwangwi ndani yake, inayowatisha wazazi, waliiokota kwenye dub ya Jamaika. Mwaka 1982 klabu ya Batcave ilifunguliwa Soho, London, na vijana wa wanja wakapata pa kukutania. Smith mwenyewe, pamoja na nywele zake zilizotimka na rangi ya mdomo iliyovuka mipaka, amekuwa akikataa kuitwa mwanagothiki kwa miaka mingi.

Mama aombe sikio moja la hedifoni akae na mwanawe kwa wimbo mmoja. Na nguo nyeusi zifuliwe peke yake.

Nakaribia Thelathini

Dada mmoja anatimiza miaka 30 mwezi ujao. Hana nyumba, hana gari, biashara inasuasua, na albamu hii imemthibitishia kwamba muda wake umekwisha.

Shangazi anaanza na jambo lisilo la mzaha. Kama usingizi umekata na chakula hakipiti kwa majuma, albamu haihusiki, na dada aende kumwona daktari au mshauri nasaha bila kungoja siku ya kuzaliwa.

Kama ni ile hofu ya kawaida ya umri, basi amechagua mwenzake sahihi. Smith alizaliwa Blackpool tarehe 21 Aprili 1959. Alipokuwa akirekodi Disintegration huko Hookend, jumba la kale la mashambani Oxfordshire lililogeuzwa studio, alikuwa na miaka 29 na ameeleza kwenye mahojiano kwamba alihofia kufika 30 bila kufanya kazi kubwa ya maisha yake. Albamu ilitoka siku 11 baada ya yeye kutimiza 30. Mambo hayakuwa shwari: rafiki yake wa utotoni na mwasisi mwenza wa bendi, Lol Tolhurst, alikuwa amezama kwenye pombe, na aliondolewa kabla albamu haijatoka. Jalada lilimwandika tu kama mpigaji wa ala nyinginezo. Kampuni yao ya Marekani nayo ilitarajia nyimbo nyepesi kama Just Like Heaven ya 1987, ikaona hizi ni kujiua kibiashara.

Kilichotokea ni kwamba albamu ilifika nafasi ya tatu Uingereza na ya 12 Marekani. Kwa kuwa Smith aliogopa ndege, bendi ilivuka Atlantiki kwa meli ya Queen Elizabeth 2, ikapiga kwenye viwanja vikubwa kama Giants Stadium na Dodger Stadium. Tolhurst aliacha pombe, na mwaka 2016 alichapisha kumbukumbu zake. Naye Smith, aliyeogopa 30, alitoa Songs of a Lost World tarehe 1 Novemba 2024 akiwa na miaka 65. Ilishika namba moja Uingereza, ya kwanza kwa bendi hiyo tangu Wish ya 1992.

Dada asherehekee. Keki iwe ya rangi yoyote.

Nimemaliza, Nipe Nyingine

Barua ya mwisho ni ya mgonjwa pekee aliyesikiliza yote kwa mpangilio, mara kadhaa, na hana malalamiko. Anataka dozi inayofuata.

Shangazi anamwandikia hivi. Kwanza Juju ya Siouxsie and the Banshees, ya 1981, asikie gitaa la John McGeoch. Kisha Floodland ya The Sisters of Mercy kutoka Leeds, ya 1987, ambako mpigaji ngoma ni mashine iliyopewa jina la Doktor Avalanche. Baada ya hapo arudi kwa The Cure wenyewe: Pornography ya 1982, iliyo kali kuliko Disintegration, na Bloodflowers ya 2000, iliyo tulivu zaidi. Smith huziona albamu hizo tatu za The Cure, Disintegration ikiwemo, kuwa za ukoo mmoja. Shangazi anashauri moja kwa siku, baada ya chakula. Akiona dozi hiyo ni ndogo, ajue kwamba Novemba 2002, katika ukumbi wa Tempodrom mjini Berlin, The Cure walizipiga zote tatu usiku mmoja, toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na watazamaji wakadai nyongeza. Usiku uliofuata bendi ilirudi jukwaani ikazipiga zote tatu tena.