Shangazi wa Feri Ajibu: Piko, Mkorogo na Dhahabu ya Kijani

Msimu wa harusi kabla ya Ramadhani ukifika, barua za Shangazi hubadilika harufu. Miezi mingine mnaniuliza habari za waume na kodi ya nyumba. Mwezi huu kila bahasha inanuka udi, na moja imekuja na alama ya dole gumba lililotiwa piko, nadhani kama ushahidi. Nimejibu zile nilizoweza kuzisoma. Mlioniuliza bei ya kope bandia, mimi sina duka.

*Shangazi, salaam. Dada yangu anaolewa Jumamosi. Jumatano nilichorwa piko mikono yote miwili, maua mazuri mno, meusi tititi. Leo Ijumaa maua yamefura, yanatoa maji na yanawasha hadi silali. Mchoraji nikimpigia simu anasema ni jicho la watu. Nifanyeje?*
*Aliyefura, Mshomoroni*

Aliyefura mwanangu, hebu tazama hiyo mikono vizuri. Umefura wapi? Kwenye ua, kwenye jani, kwenye kikonyo, na katikati ya jani na jani ngozi ni nzima. Hasidi gani huyo mwenye subira ya kufuata mchoro wa mwenzake mstari kwa mstari? Jicho lingekupiga mkono mzima na kiwiko chake.

Kilichokuchoma ni kemikali iitwayo PPD, ile inayotia weusi kwenye rangi ya nywele. Hina yenyewe, majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa, haijawahi kutoa rangi nyeusi tangu dunia iumbwe. Hutoa rangi ya chungwa, ikalala, ikaamka nyekundu iliyoiva. Ukiona weusi wa makaa ndani ya nusu saa, hapo pana unga wa kupaka nywele zenye mvi. Wenzetu wa Ulaya wameiruhusu PPD kwenye rangi ya nywele tu, tena isizidi asilimia 2 ikishachanganywa, na kwenye ngozi wameikataza kabisa. Mwaka 2006 madaktari wa ngozi wa Marekani wanaoshughulikia mizio waliichagua kuwa mzio wa mwaka. Sisi tunaikoroga kwenye kifuniko cha chupa ya soda, tunachovya kijiti, na tunamchora bi harusi huku tukipiga vigelegele.

Sasa sikiliza. Osha mikono kwa maji na sabuni isiyo na manukato, usitumbue hata lengelenge moja, usipake dawa ya meno, na uende zahanati leo leo, si baada ya harusi. Ukianza kufura uso au kubanwa pumzi, usingoje hata kufunga mlango. Halafu kuna la maisha: mwili uliokwisha kuikataa PPD hausahau. Siku utakapoota mvi na ukataka kuzificha, rangi ile ile itakusubiri kichwani, na kichwani hufura hadi macho yakafumba. Kila saluni utakayoingia, sema kabla hujakaa kitini.

Na huyo dada yako, kama hajachorwa, achorwe hina. Mngeanza Alhamisi jioni: unga uliochekechwa, ndimu, sukari kidogo ishike, tone la mafuta ya mkaratusi, alale nayo, asubuhi aikwangue bila kuigusisha maji. Jumamosi ingekuwa imeiva. Leo Ijumaa mmechelewa kidogo, basi atakuwa na wekundu wa chungwa Jumamosi na wekundu uliokolea Jumapili, wakati mume peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuutazama. Sioni hasara. Wewe kesho vaa buibui la mikono mirefu. Watu wanakuja kumtazama bi harusi.

*Shangazi, nimepaka krimu ya kwenye kopo jeupe tangu mwaka jana. Uso umetakata, shoga zangu wote wameuliza siri. Lakini juzi Magongo wakala wa pesa alikitazama kitambulisho, akanitazama mimi, akaniambia nikamlete mwenyewe. Vidole navyo vimekataa kabisa kubadilika. Nikikosa kupaka siku mbili uso unawaka moto na kutoka vipele. Nipandishe nguvu ya krimu?*
*Si Mimi, Changamwe*

Si Mimi, wakala alifanya kazi yake, usimkasirikie. Umempa picha ya mtu mmoja na uso wa mwingine, naye ana pesa za watu.

Nakuuliza swali moja: nani aliyeikoroga? Kopo halina jina, halina mtengenezaji, halina tarehe. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, limetoa orodha ya vipodozi vilivyopigwa marufuku, na muuzaji wako ataapa kwamba chake hakimo. Ni kweli hakimo. Kitu kisicho na jina kitaandikwaje?

Kwenye mkorogo wa namna hiyo huwa wamejificha wageni watatu, mmoja mmoja au wote pamoja. Kuna haidrokwinoni, inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake, na ikipakwa muda mrefu huleta madoa ya buluu iliyokoza mashavuni, yale unayoyaona kwa kina mama waliopaka ujanani na sasa hawatoki bila poda. Kuna steroidi, dawa halali ya ukurutu inayoandikwa na daktari kwa siku chache, ambayo mkorogaji huimimina kwa sababu hung'arisha upesi. Hiyo hulainisha ngozi mpaka inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatoka mapajani, kidonda kinachelewa kupona. Huo moto unaokuwaka ukikosa siku mbili ndiyo kazi yake: ngozi imeizoea na inaidai. Na kuna zebaki, ambayo haiishii kwenye ngozi. Inakwenda kwenye figo, na anayenyonyesha humgawia mtoto.

Zebaki ndiyo iliyoufanya ulimwengu ukae kikao. Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu waliugua kwa kula samaki wenye zebaki ya kiwandani, umevigusa hata vipodozi vya kung'arisha ngozi. Siku ukipata kopo lenye maandishi, soma viungo: ukiona neno calomel au lolote linaloanza na mercur-, lirudishe dukani. Na ukiona onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu wala fedha, jiulize kitu kinachoogopewa na pete kina nini cha kufanya na shavu lako.

Usipandishe nguvu. Wala usiache ghafla peke yako ukitegemea barua yangu, maana vipele vitakutisha na utalikimbilia kopo usiku. Nenda kwa daktari wa ngozi na hilo kopo mkononi, usilifiche kwa haya, ameshayaona mengi. Atakupunguzia pole pole. Utapita miezi ya madoadoa, nayo itapita. Jua la Changamwe, na vumbi la malori juu yake, si rafiki wa ngozi iliyochunika, kwa hiyo mtandio mpana na mwavuli mchana, na wala usione aibu kubeba mwavuli siku isiyo na mvua.

Ama vidole, ngozi ya vifundo ni nene na inakunjwa kutwa, ndiyo maana inachelewa kukubali uongo. Siku nyingine ukishawishiwa na muuzaji mweupe pe, mwambie akupe mkono mwamkiane, kisha tazama chini.

*Shangazi, nilimnunulia mchumba mkufu wa dhahabu pale tunaposubiri feri. Jamaa alinionyesha muhuri 916 na akanipunguzia bei kwa sababu eti ana mgonjwa. Tulivuka kwenda mjini, tukarudi, shingo ya mchumba ikawa kijani. Ameniambia mapenzi yangu nayo ni ya kijani.*
*Aliyeaibika, Likoni*

Mchumba wako ana ulimi mzuri, muoe haraka.

Hiyo ni shaba iliyopakwa rangi. Shaba ikikutana na jasho na hewa ya chumvi hutoa kijani, na pale kwenye feri, watu wamebanana, jua la saa saba, vyote viwili vinapatikana bila malipo. Kijani hakina madhara, kinatoka kwa sabuni. Kama pia anawashwa na kutoka vipele, huenda ni nikeli, na hapo mkufu uvuliwe usirudishwe, hata kwa mahaba.

Kuhusu namba: 916 maana yake ni karati 22, yaani sehemu 916 katika 1,000 ni dhahabu halisi. Karati 21 huandikwa 875, na 18 huandikwa 750. Lakini muhuri hugongwa na yeyote mwenye nyundo. Dhahabu hupimwa mizani kwa sonara, ukaambiwa uzito, ukaambiwa bei ya gramu ya siku hiyo, ukapewa risiti. Hakuna dhahabu inayopungua bei kwa sababu muuzaji ana mgonjwa. Kama mfuko ni mwepesi, nunua fedha, au nunua bangili za plastiki na useme ni za plastiki. Wasichana wengi wanapendeza nazo na hakuna shingo inayogeuka.

*Shangazi, mke wangu anafukiza udi kila usiku, mlango na dirisha vimefungwa ili harufu isitoke. Mimi nina pumu. Nikikohoa anasema simpendi.*
*Anayekohoa, Kiembeni*

Baba, moshi ni moshi, hata ukinukia. Kifua chako hakijui kama unatoka kwenye udi wa Kikambodia au kwenye taka za jirani. Mwambie chetezo kiwekwe chumbani baada ya magharibi, nguo na mashuka yatandazwe yashike harufu, yeye mwenyewe ajifukize hapo, kisha makaa yatolewe nje na madirisha yafunguliwe kwa muda mzuri kabla hujaitwa kulala. Udi mzuri hubaki kwenye kitambaa, haubaki hewani. Usiku ambao kifua kimebana, kikuba cha asumini chini ya mto kinatosha na hakihitaji kiberiti. Na buibui lake la polista asilitandaze juu ya makaa. Cheche moja hutoboa tundu, na tundu lile halishoneki. Haya yote mwambie kama mawazo yako. Jina langu usilitaje.

*Shangazi, nikinyoa ndevu vipele vinatapakaa shingoni. Kinyozi ananimwagia spiriti.*
*Bodaboda, Mtongwe*

Ndevu za kipilipili zikikatwa hadi mzizini hujikunja na kurudi ndani ya ngozi. Spiriti haizinyooshi. Mwambie aache kidogo, anyoe kufuata zinakoelekea, na mashine aisafishe kabla yako, si baada yako.

*Shangazi, jirani yangu kila akija kuanika nguo anavaa leso yenye maneno ya kunisema. Sasa yapata wiki nzima.*
*Ninayesemwa, Mlaleo*

Kwanza umhesabie: mwenye leso mpya wiki nzima ametumia pesa nyingi kwa ajili yako. Pili, leso huuzwa mbili mbili, kwa hiyo bado ana akiba. Vuka Daraja la Nyali uende Mtaa wa Biashara. Duka la Kaderdina Hajee Essak, wenye chapa ya Mali ya Abdulla, wamekuwa katika biashara tangu 1887, na nina hakika katika miaka yote hiyo wamewahi kumhudumia mtu mwenye jirani kama wako. Chagua kwa utulivu, soma maneno mara mbili, wakate na wakupindie ukingo hapo hapo. Usivae siku hiyo hiyo. Ivae siku ambayo yeye ameazima sukari.

*Shangazi, nimejifungua, mtoto ana siku tisa. Mama mkwe anataka apakwe wanja wa mawe machoni na kwenye nyusi, na hina miguuni hadi magotini, ati asiingiwe na jicho. Nikikataa nitaonekana nimesoma sana.*
*Mzazi Mpya, Mtopanga*

Mwanangu, barua zote za juu nimezijibu nikicheka. Hii sicheki.

Wanja wa mawe mara nyingi husagwa kutoka kwenye mawe yenye madini ya risasi. Mtoto hujisugua macho, hutia mkono mdomoni, na risasi ikishaingia mwilini huharibu ubongo unaokua. Kiasi cha kutosha kumdhuru ni kidogo kuliko unavyodhani. Hina nayo, ambayo dada wa bi harusi nimemsifia, kwa mtoto mchanga si salama. Kwetu pwani, kama kote ambako malaria imekaa karne nyingi, watoto wengi, wavulana hasa, huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Mtoto wa namna hiyo akipakwa hina eneo kubwa la ngozi, chembe nyekundu za damu huvunjika, anageuka manjano na anaishiwa damu. Huwezi kumjua kwa kumtazama. Ikiwa ameshapakwa, na ukaona macho yana manjano, amelegea au mkojo umekuwa mweusi, mkimbize hospitali usiku huo huo.

Mama mkwe usimwambie kwamba umesoma. Mwambie Shangazi amekataza, na kama ana neno nami anajua ninakosubiri feri. Mpe kazi nyingine ya heshima: amwogeshe mjukuu, amsomee dua, amchagulie leso ya kumfungia. Mtoto aende kliniki wiki ya sita kwa chanjo zake akiwa na macho matupu na miguu mitupu. Wanja atajipaka mwenyewe, akifikia umri wa kuniandikia barua.