Jinsi ya Kuikabidhi Kompyuta Moja Nyumba Nzima Bila Kuamshwa na Mdudu

Anza kwa kumtambua adui. Ukiishi Nyegezi, Kirumba au juu ya mawe ya Isamilo, mwizi huja mara mojamoja, lakini wadudu wa ziwani huja kwa mamilioni. Huibuka majini kwa wingi siku za mwezi kuandama, hufuata taa ya baraza, na usiku huo kamera inayoshtuka kila kitu kinaposogea itakutumia ujumbe hadi alfajiri. Mchana zamu hushikwa na mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, anayepiga pushapu juu ya jiwe. Wataalamu walimpa jina la mji wetu wa Mwanza, Agama mwanzae. Kamera yako itamwita mvamizi.

Basi kabla ya kuongeza kamera, tafuta kompyuta inayoweza kumtofautisha mtu na mjusi. Kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100, iliyoundwa kwa wati 6 tu, na RAM ya GB 16, inatosha kwa kamera nne. Weka humo programu mbili za bure. Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, iendeshe taa, geti na pampu ya kujaza simtanki. Frigate, kazi ya Blake Blackshear, itazame video. Kila moja ikae kwenye kontena lake la Docker, ili moja ikizima nyingine iendelee.

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa sababu video ni mgeni anayekomba sufuria kabla wenyeji hawajanawa mikono. Kamera moja inayotuma megabiti 2 kwa sekunde hujaza takribani GB 21.6 kwa siku. Kamera nne ni zaidi ya GB 86, na diski ya TB 1 hujaa kabla ya siku 12 kutimia. Ukiiacha video iandike kwenye diski iliyobeba mfumo wa nyumba, siku diski itakapojaa hata taa ya choo itagoma. Ipe video diski yake peke yake. Rekodi zote zikae siku tatu, zenye watu zikae mwezi, zenye mjusi zifutwe bila huruma.

Kisha ipunguzie prosesa mzigo. Kamera nyingi hutoa video mbili kwa pamoja, kubwa na ndogo. Kubwa ihifadhiwe jinsi ilivyo. Ndogo ndiyo ikaguliwe, na picha 5 kwa sekunde zinatosha kabisa, maana hakuna mwizi anayeruka ukuta kwa sehemu ya tano ya sekunde. Kazi ya kuifungua video ikabidhi chipu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa hiyohiyo. Kipimo ninachokiamini ni swichi ya sebuleni: bonyeza, na taa ikichelewa kuwaka, ujue video imekula zaidi ya haki yake.

Kuhusu wadudu, programu pekee haitoshi. Wakipita karibu na lenzi hung'aa kwa mwanga wa infraredi wa kamera yenyewe na kuficha uso wa mtu aliye nyuma yao. Zima mwanga huo, weka taa nyingine mita chache pembeni, wadudu wahamie huko. Na fagia utando wa buibui kila wiki.

Radi isikupumbaze pia. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na radi duniani, hasa usiku, na waya mrefu kutoka getini utaileta hadi kwenye kompyuta. Kuna fundi atakayepigilia ethi rodi, igonge jiwe, aikate na kufukia kipande. Mpe soda, mpe heshima yake, kisha msimamie achimbe pengine penye udongo. Kamera ya mbali iunganishwe kwa faiba, kwani faiba haipitishi umeme. UPS ibebe kompyuta, rauta na swichi ya kamera kwa pamoja, maana kompyuta iliyo macho huku kamera zimelala haikusaidii kitu.

Neno la siri la kiwandani libadilishe siku hiyohiyo. Oktoba 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera na vifaa vya kurekodi vilivyoachwa na maneno ya aina hiyo, vikaangusha tovuti kubwa za Marekani. Kamera zako zizungumze na kompyuta yako tu, intaneti zisiione.

Mwisho ni jirani. Nyumba za Mabatini zimepandana juu ya mawe, na kamera ya ukutani kwako inachungulia uani kwa aliye chini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, lakini hata kabla yake, kufulia na kuoga kwa watu si kitu cha kurekodi. Kuwa mwangalifu hapa: kuziba eneo la msogeo ndani ya Frigate huzuia kengele tu, picha huendelea kuhifadhiwa. Geuza kamera yenyewe, au tumia kizibo cha faragha kilichomo ndani yake. Halafu teremka na simu, “Shikamoo mama,” umwonyeshe kinachoonekana. Akikuomba umwangalizie na geti lake, mkubalie. Prosesa ina nafasi. Diski aje nayo.